Mashua ya Ngigi na Samaki Wasio na Miba

Bedan Ngigi, seremala wa mtaa wa Huruma, Nairobi, hakuwa mtu wa kuogopa kushika kitu. Alishika gundi ya moto, alishika nyaya za stima zilizochubuka, na siku moja alimshika nge kwa mkia akamtoa nje ya karakana huku akimsemesha kwa upole. Samaki ndiye aliyemshinda. Hata kumtazama kwa muda kulimchafua roho. Kwao milimani, bibi aliyemlea alimfundisha kwamba samaki na nyoka ni ukoo mmoja, na nyoka haliwi. Bibi alikufa, Ngigi akaja mjini, akajifunza kula vitu vingi ambavyo bibi angevitemea mate, lakini samaki alikataa kupita kooni.

Sasa mtu wa namna hiyo akienda kumpenda muuza samaki, alaumiwe nani? Mimi nasema ulaumiwe moyo. Moyo haujawahi kuomba ushauri wa tumbo.

Muuza samaki mwenyewe alikuwa Nangila, mjane kutoka upande wa Webuye, mama wa binti mmoja aitwaye Khalayi. Alikaanga samaki jioni kwenye kona ya maduka, karai moja, jiko moja, na mdomo uliofanya kazi ya watu watatu. Ngigi naye alikuwa mjane wa miaka sita. Bintiye Waringa alikuwa ameolewa, na chumba cha baba kilikuwa na kikombe kimoja, sahani moja na kimya kingi. Alipita kwenye kona ile jioni moja ya mwaka wa sabini na nane akitafuta mafuta ya taa tu, akamkuta Nangila akiwahutubia wateja, mwiko mkononi.

"Ati karani! Karani wa ofisi, na tai shingoni! Ananiambia nikitaka kumtembelea nioge kwanza na limau. Mimi nilimtoa mbio na mwiko huu. Nguo zangu zinanuka samaki, nyumba yangu inanuka samaki, mtoto wangu amesomeshwa na samaki. Mwanamume wangu atakuwa mtu wa samaki, basi. Mwenye kukunja pua apite na njia yake."

Pua ya Ngigi, iliyokuwa imekunjika tangu alipokaribia, ilikunjuka papo hapo.

"Mimi samaki ni chakula changu cha kila siku," alisema.

Watu walicheka, kwa sababu anayejua watu wa kwao anajua pia wanavyomwogopa samaki. Nangila hakucheka. Alimtazama kuanzia kofia hadi viatu vyenye vumbi la mbao, akamfungia samaki mmoja kwenye gazeti.

Na kwa kuwa alikuwa amesema kila siku, ilibidi iwe kila siku. Jioni zote Ngigi alirudi ploti, kwenye ua wa vyumba vya kupanga alikoishi, na kifurushi cha gazeti kilicholoa mafuta, amekining'iniza kwenye kipande cha uzi mbali na mwili wake, na bila kukifungua akakiweka mlangoni kwa jirani yake, Patrobas Lusweti, mfanyakazi wa kiwanda cha blanketi mwenye watoto sita. Lusweti hakuuliza swali. Mtu akiletewa samaki bure hadi mlangoni, akauliza kwa nini, huyo hana akili. Ilipofika Krismasi, Lusweti alikuwa amelegeza mshipi wake matundu mawili.

Siku ya pili Nangila aliuliza, "Baba Waringa, samaki wa jana alikuwaje?"

"Mtamu, Mama Khalayi. Mtamu ajabu!"

Ili asionekane mikono mitupu, Ngigi naye alimpelekea zawadi. Wengine hupeleka maua. Yeye alipeleka magazeti makuukuu ya kufungia samaki, akiyaokota kwa wateja wake, akiyanyoosha na kuyapanga vizuri. Nangila aliyapokea kwa mikono miwili. Akina mama wa kona wakaanza kuambiana kwamba hapo kuna harusi.

Uongo ungeishia hapo labda ungekufa wenyewe kwa uzee. Lakini mapema mwaka uliofuata, mfanyabiashara mmoja wa malori kutoka Eastleigh, Bwana Wehliye, alileta karakanani mashua ya mbao. Aliachiwa na mzungu aliyekuwa akihama, na alitaka itengenezwe na iwekewe vifaa vyote, ili aikodishe huko Naivasha kwa watu wa kuvua besi. Besi ni samaki mwenye mdomo mkubwa kama mfuko wa koti, aliyeletwa ziwani humo na wazungu ili wapate wa kushindana naye.

"Ukimaliza, uende uijaribu mwenyewe," Wehliye alisema. "Lori langu la vitunguu linakwenda kila wiki. Mashua isiyojaribiwa mimi sitaki."

Ngigi angenyamaza na kupiga randa. Badala yake alikimbia kwenye kona. "Mama Khalayi, Wehliye ametafuta mvuvi Nairobi nzima, mwisho amekuja kwangu."

"Kumbe wewe ni mvuvi pia?"

"Tangu utotoni."

"Basi siku ya kwenda nitakuja. Wewe umeniona nikifanya kazi yangu mwaka mzima. Na mimi nataka kukuona na samaki mkononi."

Ngigi alirudi nyumbani. Samaki mkononi! Alilala kitandani akakitazama kiganja chake. Akishindwa mbele ya mama yule, atakuwa karani wa pili, tena mbaya zaidi, kwa maana karani angalau alisema ukweli wake siku ya kwanza.

Lakini fundi ni fundi. Asubuhi alikuwa na mpango. Kama mkono haukuwezekana, basi angeitengeneza mashua ambayo samaki anatoka majini hadi sandukuni bila mkono wa mtu kumgusa.

Mashua iliwekwa katikati ya ua wa ploti, chini ya kamba za nguo, na ua haukupata amani tena. Kuku wa mwenye ploti, Teresiah Nduta, walitaga chini ya kiti cha nyuma. Nepi zilianikwa juu ya makasia. Ulipofika wakati wa kupima kama inavuja, Ngigi hakuwa na ziwa la kuitia, kwa hiyo alilitia ziwa ndani ya mashua: ndoo arobaini kutoka kwenye mfereji mmoja wa ploti nzima. Aliinama akaweka alama ya chaki kila palipotoka tone. Watoto waliingia humo kuoga, na Teresiah akatoka na ufagio.

"Ngigi! Watu hawana maji ya ugali, wewe unanywesha mbao!"

"Mama, heri ivujie hapa."

"Ivujie kwako chumbani!"

Nyufa zilizibwa kwa pamba na lami. Nanga ilikuwa mkebe wa rangi uliojazwa saruji, na kitanzi cha chuma katikati. Kamba yake alichagua ya katani, akaipima urefu mara tatu ya kina cha maji, kama kilivyosema kijitabu cha Kizungu alichokikuta kwenye kabati dogo la mashua. Kijitabu hicho alikisoma polepole, kidole juu ya mstari, na mambo mengi aliyaelewa sawasawa. Besi hukaa kando ya mafunjo, penye kivuli. Hapendi chambo kilicholala. Anataka kitu kinachokimbia na kusitasita, kama mwizi wa kuku. Mshipi uwe mnene kwa sababu akishikwa hukimbilia mizizi. Vifaa vizito vikae chini katikati, na kusiwe na kitu kilicholegea miguuni.

Chambo alikichonga mwenyewe kwa mbao ya mjakaranda, samaki mdogo urefu wa kidole, na chini yake ndoana mbili, moja kichwani na moja mkiani, kila moja ina makucha matatu. Alikipaka rangi ya kijani mgongoni na nyeupe tumboni, akakitilia jicho kwa kichwa cha pini. Kilitoka vizuri hata mwenyewe kikamtia kichefuchefu, akakigeuza uso kikatazama ukuta.

Kuanzia hapo vifaa vikaanza kuwa vya ajabu. Fimbo ya kuvulia ilikuwa nzuri ya kutosha, lakini Ngigi aliiunganisha na mwanzi mpaka ikawa ndefu kuliko mashua. Wavu wa kumpokea samaki aliufunga kwenye fimbo ya pazia yenye urefu wa mtu na nusu. Kwa fundi chuma wa Gikomba alichongesha koleo refu kama la kutolea makaa. Alinunua glavu za ngozi za watu wa kuchomelea vyuma, zinazofika viwikoni. Na kazi aliyojivunia kuliko zote ilikuwa sanduku la kuwekea samaki. Kifuniko chake kilifunguliwa kwa mguu, kwa pedali ya cherehani iliyokufa. Ukikanyaga kinaruka juu, ukiachia kinajifunga.

Lusweti, aliyeombwa kupiga makasia kwa sababu alizaliwa karibu na mto Nzoia, alizunguka vifaa hivyo mikono nyuma.

"Jirani, hizi glavu ni za nini?"

"Besi ana miiba mgongoni. Kitabu kimesema."

"Na koleo?"

"Meno."

"Na pedali?"

"Heshima," Ngigi alijibu, akaendelea kupiga msasa.

Ukurasa mmoja tu wa kijitabu ulimharibia siku. Ulikuwa na picha ya mtu anayecheka, amemshika besi kwa kumtia kidole gumba mdomoni na kumbana kwa kidole kingine chini ya kidevu. Maneno yalisema hiyo ndiyo njia ya watu wanaojua. Besi akishikwa hapo hutulia kama mtoto. Ngigi alikificha kidole gumba chake ndani ya ngumi. Kidole! Ndani ya mdomo! Aliuchana ukurasa ule na kuutupa kwenye lundo la karatasi pembeni mwa meza asiuone tena. Lundo hilo, kwa haraka za jioni, lilikuwa ndilo la magazeti ya Nangila.

Baada ya Pasaka Lusweti alianza kuwa na kicheko kisichoeleweka. Jioni moja alisimama mlangoni na kifurushi mkononi.

"Jirani, samaki wa siku hizi wamebadilika."

"Wana nini?"

"Hawana neno. Laini tu. Miba hawana kabisa." Alicheka mpaka akakohoa, mkewe akamvuta ndani.

Ngigi alidhani kiwanda cha blanketi kimeanza kumwingia mapafuni. Kesho yake, kama kawaida, aliulizwa juu ya samaki wa jana.

"Mama Khalayi, wa jana aliwazidi wote. Nilimaliza nikalamba vidole."

Nangila aliinama juu ya karai kwa muda mrefu, mabega yakitetemeka. Moshi, Ngigi alifikiri.

Sikukuu ya Madaraka walipanda lori la vitunguu, mashua imefungwa nyuma, Nangila mbele karibu na dereva akiwa amevaa sweta ya zambarau na kubeba kapu la chakula. Baridi ya Juni ilikuwa kali, na ziwa lilipotokea chini ya bonde, pana na jeupe, Ngigi aliliona kama sahani iliyomngojea yeye. Waliishusha mashua. Haikuvuja hata tone. Lusweti alipiga makasia vizuri kuliko alivyotarajiwa, nanga ya saruji ilishika chini, na mashua ikatulia hatua thelathini kutoka kwenye mafunjo. Kwa dakika kumi Ngigi alikuwa mtu mwenye furaha kamili. Kila msumari ulikuwa wake, na mama aliyempenda alikuwa amekaa juu ya ubao alioulainisha kwa mkono wake.

"Haya, mvuvi," Nangila alisema.

Alivaa glavu, akarusha. Chambo kilianguka kando ya mafunjo. Alikivuta kidogo, akakiacha, akakivuta tena, kama mwizi wa kuku. Moyoni aliomba, kwa mara ya kwanza katika historia ya uvuvi, kwamba asipate kitu.

Maji yalipasuka. Besi alikuwa mkubwa kama kiatu cha askari, na alikuwa na hasira. Fimbo ilipinda mpaka mwanzi ukalia. Ngigi alikaza, akarudi nyuma, na hapo ndipo vifaa vyake vilipoanza kumlipa kwa ujanja wake. Kwa sababu ya urefu wa fimbo, samaki hakuweza kuletwa karibu. Alining'inia hewani upande huu na upande ule, akiwapiga maji usoni. Lusweti alinyoosha wavu, fimbo ya pazia ikajikunja kama tambi. Ngigi alikanyaga pedali. Kifuniko kiliruka kwa heshima zake zote, kikaligonga koleo lililoegeshwa juu ya ukingo, nalo likaenda ziwani bila kuaga.

"Koleo!" Ngigi alipiga kelele.

Akaivuta fimbo kwa nguvu ya mtu aliyekata tamaa, na besi akatua mapajani mwa Nangila.

Hapo mchezo ukaisha. Ndoana ya kichwani ilikuwa mdomoni mwa samaki, lakini ile ya mkiani ilikuwa imeingia kwenye mkono wa sweta, na kila samaki alipojipiga, makucha yalisogea kuelekea mshipa wa mkono wa Nangila. Lusweti alikuwa upande wa mbali, na mashua ilikuwa ikiyumba. Nangila alijaribu kumkandamiza kwa mkono mmoja, samaki akateleza, kucha moja ikamkwaruza, damu nyembamba ikatokea.

Ngigi alinyoosha mikono, lakini ngozi nene ya glavu iliteleza juu ya samaki kama sabuni.

"Vua hizo!" Nangila alisema. "Kidole gumba, Baba Waringa! Mdomoni! Kama kwenye picha!"

Hakuwa na wakati wa kujiuliza picha gani. Aliiona ile damu. Alitupa glavu, akafumba macho, akamwomba bibi yake msamaha kwa lugha ya kwao, akatia kidole.

Kulikuwa na baridi humo, na ukakasi kama wa msasa. Akabana. Na samaki, kama kitabu kilivyosema, akatulia.

Lusweti alikuja kwa magoti, akachomoa makucha kwenye sweta, kisha akayatoa mdomoni mwa besi. Ngigi bado alikuwa amefumba macho, mkono umenyooka, jasho likimtiririka.

"Ameenda?" aliuliza.

"Ataendaje? Umemshika wewe," Lusweti alisema.

Ngigi alifungua jicho moja, akamwona, akaupeleka mkono juu ya maji, akamwachia. Besi akazama na maisha yake. Nyuma yake, upande uleule, ukafuata uji wote wa asubuhi.

Alipomaliza alikaa juu ya sanduku lake na kumtazama Nangila, ambaye alikuwa akijifunga leso kwenye mkwaruzo. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa imefika ukingoni mwa maji.

"Mama Khalayi, mimi samaki siwezi, kwetu ni nyoka. Sijawahi kula hata mmoja. Wote alikula Lusweti. Hivi vifaa vyote nilivitengeneza nisimguse. Lakini sikukudanganya kwa sababu ya harufu. Harufu ya samaki inanitoa roho, na wewe ukinikaribia nasikia raha tu. Sielewi. Nimejaribu kuelewa mwaka mzima. Ukitaka kunifukuza, mwiko nadhani umeuacha nyumbani, lakini kasia lipo."

Lusweti alianza kuchunguza ndege wa mbali.

Nangila alivuta kapu lake, akatoa kifurushi cha gazeti kilicholoa mafuta, kile kile cha jioni zote. Ngigi alijikaza kiume. Kama adhabu ni hiyo, angekula, mwiba na macho. Nangila alifungua gazeti juu ya magoti. Ndani yake vilikuwa viazi, vimekatwa vipande virefu na kukaangwa.

"Watu wanaokula samaki husema juu ya miba," alisema. "Huyu amekwamwa, huyu amechomwa ufizi, huyu mtoto wake amekohoa usiku. Wateja wangu wote. Wewe mwaka mzima hujawahi kunitajia mwiba. Nikasema, ngoja nione. Tangu Pasaka nakufungia viazi, kutoka karai lile lile, gazeti lile lile. Na kila siku unakuja kuniambia samaki alikuwa mtamu."

"Tangu Pasaka?"

"Tangu Pasaka! Ati ulilamba vidole!"

Ngigi aligeuka polepole. "Lusweti. Wewe ulijua."

"Jirani," Lusweti alisema bila kuwaacha ndege wake, "viazi vyenyewe vilikuwa vizuri."

Nangila ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko chake kilienda juu ya maji mpaka bata wa mafunjoni wakaruka. Alimsukumia Ngigi gazeti.

"Na bado uliendelea kunisikiliza na ulijua nakudanganya," Ngigi alisema.

"Karani alijua kula samaki," Nangila alijibu. "Mimi hakunitaka. Wewe umetia kidole mdomoni mwa nyoka wako kwa sababu ya mkwaruzo wangu. Kula kabla havijapoa."

Alikula. Chini ya viazi vya mwisho, karatasi ya pili ya kufungia ilikuwa ukurasa mgumu wenye picha ya mtu anayecheka na besi kwenye kidole gumba.

Walioana Desemba, na katika karamu palikuwa na samaki upande mmoja na viazi upande mwingine, ili pasiwe na uongo. Bwana Wehliye alikubali mashua lakini akakataa pedali, akisema watalii wake wana mikono. Sanduku likahamia kwenye kona ya maduka, ambapo Nangila hukanyaga, kifuniko kikaruka, akatoa samaki, kikajifunga nzi wakiwa nje. Ngigi humpelekea magazeti kila jioni kama zamani, hukaa kwenye kigoda karibu na karai, pua yake imetulia. Chakula chake hupewa kwenye gazeti kama wateja wengine. Ila siku hizi hukifungua kwanza, akatazama, ndipo akasifu.